Seleniamu: madini yanayovuka mpaka wa Rusizi ndani ya beseni la sambaza

RUSIZI, Rwanda – Fomu za forodha zinazojazwa kwenye mpaka wa Rusizi zina nafasi ya jina la bidhaa, uzito na thamani yake. Hazina nafasi ya seleniamu. Hata hivyo madini hayo huvuka kati ya Kamembe na Bukavu ndani ya mabeseni ya sambaza, trei za mayai na magunia ya unga wa ngano, na kiasi kinachovuka kinahusiana moja kwa moja na namna miili ya walaji inavyozima moto wa maradhi.

Suala hili limekuwa likizungumzwa zaidi katika maduka ya dawa kuliko sokoni. Vidonge vya seleniamu huuzwa kwa madai kwamba vinaondoa maumivu ya viungo, vinasafisha damu na kuongeza kinga. Madereva wa malori, ambao hukaa kwenye usukani saa nyingi kabla ya kuumaliza msitu wa Nyungwe na kuteremka Kamembe, ni wateja wazuri wa dawa za namna hiyo. Lakini ushahidi uliokusanywa na watafiti, ukiwemo wa Rwanda na Kongo, unaonyesha kwamba mahali pa kuitafuta seleniamu ni kwenye mzigo wa chakula kabla ya kwenye chupa ya vidonge.

Madini kidogo, kazi kubwa

Seleniamu iligunduliwa mwaka 1817 na mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius. Kwa muda ilijulikana kama sumu ya mifugo. Ni mwaka 1957 tu ndipo ilipoonekana katika majaribio ya panya kwamba mnyama akiikosa kabisa ini lake huharibika.

Mahitaji ya binadamu ni madogo mno. Marekani inapendekeza mikrogramu 55 kwa siku kwa mtu mzima, na zaidi kidogo kwa mama mjamzito na anayenyonyesha. Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, waliweka kiwango cha chini zaidi, mikrogramu 26 kwa mwanamke na 34 kwa mwanaume. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kwa hesabu ya Marekani, gramu moja ya seleniamu ingemtosha mtu mmoja kwa takriban miaka 50.

Mwili hauwezi kuitengeneza. Huipata kwenye mimea, nyama, samaki na mayai, na mimea nayo huipata kwenye udongo. Hapo ndipo tatizo linapoanzia kwa sehemu kubwa ya Afrika. Udongo mwekundu wa kitropiki, wenye asidi na chuma kingi, huishika seleniamu kwa nguvu kiasi kwamba mizizi haiipati. Nchini Malawi watafiti walikuta mahindi ya udongo mweusi usio na asidi nyingi yana seleniamu mara nyingi zaidi ya mahindi ya udongo mwekundu. Debe ni lilelile na bei ni ileile, lakini kilichomo ndani ni tofauti.

Moto unaozimwa na maji

Kuvimba kunakozungumziwa hapa si uvimbe wa saratani. Ni ile hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kupata joto, kujaa na kuuma baada ya jeraha au maambukizi. Ni kazi ya kinga ya mwili na ina faida yake, kwa sababu bila hiyo kidonda kidogo tu kingeweza kuua.

Askari wa kinga wanapofika kwenye jeraha hutoa silaha za kemikali, mojawapo ikiwa ni haidrojeni peroksidi, ileile inayouzwa katika chupa kwa ajili ya kusafishia vidonda. Huua vijidudu vizuri. Tatizo ni kwamba haichagui, na kazi ikiisha inayobaki huanza kuchoma chembe za mwili wenyewe. Tena peroksidi hiyo huchochea kengele ya hatari ndani ya chembe, kengele inayoita askari wengine zaidi, nao wanatoa peroksidi zaidi.

Mwili una vimeng'enya vinavyoigeuza peroksidi kuwa maji. Mwaka 1973 ilithibitishwa kwamba kimojawapo kikubwa, kiitwacho glutathioni peroksidesi, kina seleniamu ndani yake, na bila seleniamu hakifanyi kazi. Tangu hapo zimehesabika jeni 25 za binadamu zinazotengeneza protini zenye seleniamu. Baadhi huzima peroksidi, baadhi hurekebisha protini zilizoharibika, na nyingine huendesha homoni za tezi ya shingo.

Kwa maneno mengine seleniamu haizuii moto kuwashwa. Kazi yake ni kuhakikisha unazimika ukishamaliza shughuli. Mtu mwenye upungufu huwa kama soko lenye jiko la mkaa kila kibanda na ndoo moja ya maji.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata wataalamu. Mtu akiwa mgonjwa, kiasi cha seleniamu katika damu yake hushuka kwa sababu ya kule kuvimba kwenyewe. Kwa hiyo kipimo cha chini kinaweza kuwa matokeo ya ugonjwa badala ya chanzo chake. Anayepimwa akiwa na homa na kuambiwa ana upungufu ana haki ya kuomba apimwe tena akipona.

Ushahidi wa Ziwa Kivu na Karawa

Wakazi wa Rusizi hawahitaji kwenda mbali kuona jinsi chakula, udongo na tezi ya shingo vinavyohusiana. Kisiwa cha Idjwi kilicho katikati ya Ziwa Kivu, upande wa Kongo, kilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa sana duniani kwa ugonjwa wa rovu, au goita kama wengi wanavyouita. Katika miaka ya 1960 watafiti kutoka Ubelgiji waliofanya kazi Kivu waligundua jambo la ajabu: kaskazini mwa kisiwa rovu lilikuwa limeenea mno, wakati kusini-magharibi lilikuwa la watu wachache, ingawa pande zote mbili zilikosa madini joto kwa kiwango kinachokaribiana.

Tofauti ilikuja kuhusishwa na muhogo. Muhogo usiolowekwa na kukaushwa vizuri huacha mabaki ya sianidi, ambayo mwilini hugeuka kuwa kemikali inayoizuia tezi kuchukua madini joto. Aliyekuwa na madini joto kidogo na kula muhogo mwingi wa aina hiyo aliumia zaidi.

Bado swali moja halikujibiwa. Katika nchi nyingi, watoto waliozaliwa na mama wenye upungufu mkubwa wa madini joto walipata ulemavu wa akili na wa viungo lakini tezi zao zilibaki. Kongo ilikuwa tofauti. Wengi wa watoto walioathirika walikuwa wafupi sana, ngozi imekauka, na tezi yenyewe imenyauka kabisa, kama kitu kilichoungua na kubaki kovu.

Mwaka 1987 kundi la watafiti lilichapisha hoja kwamba seleniamu inaweza kuwa ndiyo kipande kilichokosekana. Mwaka 1990 wenzao waliofanya kazi Karawa, kaskazini-magharibi mwa Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo, walionyesha kwamba watoto wa shule wa huko na wale wenye ulemavu walikuwa na seleniamu ya chini sana kwenye damu, mara kadhaa chini ya watu wa miji iliyo nje ya eneo la ugonjwa.

Maelezo waliyoyatoa yanarudi kwenye ile peroksidi. Tezi ya shingo huitumia kutengeneza homoni zake. Madini joto yakikosekana, ubongo huisukuma tezi ifanye kazi kwa nguvu zaidi, na peroksidi huongezeka. Kama seleniamu ipo, ziada huzimwa. Kama haipo, tezi hujichoma yenyewe, huvimba ndani kwa ndani na mwisho nyama yake hugeuka kovu. Majaribio ya panya waliokosa madini hayo mawili yaliunga mkono maelezo hayo.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kukumbukwa na kila muuza vidonge. Watafiti waliwapa watoto wa Karawa mikrogramu 50 za seleniamu kwa siku kwa miezi miwili, bila kuwapa madini joto kwanza. Homoni ya tezi katika damu yao ilishuka. Kwa wale ambao tezi zao zilikuwa zimeharibika tayari, hali ilikuwa mbaya zaidi. Seleniamu ilikuwa imeamsha vimeng'enya vinavyotumia na kumaliza homoni, wakati tezi haikuwa na malighafi ya kutengeneza nyingine.

Onyo lililotoka hapo lilikuwa la wazi: mahali palipokosa vyote viwili, madini joto yatangulie. Kwa mfanyabiashara wa mpakani tafsiri yake ni kwamba chumvi yenye madini joto si bidhaa ya kupuuza, na gunia la chumvi ya magendo isiyotiwa madini hayo lina hasara ambayo haionekani kwenye bei.

Majaribio yamesema nini

Rwanda ina mchango wake. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa nchini humo kwa watu 300 wenye virusi vya UKIMWI ambao walikuwa hawajaanza dawa za kurefusha maisha. Nusu walipewa mikrogramu 200 za seleniamu kwa siku kwa miezi 24, nusu kidonge kisicho na dawa. Chembe za kinga za CD4 ziliendelea kupungua kwa wote, lakini kwa waliopewa seleniamu kasi ya kupungua ilikuwa ndogo kwa takriban asilimia 44. Virusi vyenyewe havikupungua. Na kwa kuwa sasa kila anayepatikana na virusi huanzishiwa dawa mapema, matokeo hayo hayampi mtu yeyote ruhusa ya kubadilisha dawa zake kwa vidonge vya madini.

Kwingineko habari si nzuri hivyo. Nchini Malawi watoto zaidi ya 2,000 walipewa mchanganyiko wa viondoa sumu vya mwili, seleniamu ikiwemo, kwa matumaini ya kuwakinga na kwashakoo. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba haukuwakinga. Ujerumani, wagonjwa mahututi 1,180 wenye maambukizi makali ya damu, hali ambayo ndiyo kilele cha mwili kuvimba, walihusishwa katika jaribio ambalo sehemu yao walitiliwa seleniamu kwa mshipa. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba vifo havikupungua.

Marekani, jaribio la wanaume zaidi ya 35,000 lilisimamishwa mwaka 2008 baada ya kuonekana kwamba mikrogramu 200 kwa siku hazizuii saratani ya tezi dume. Utafiti mwingine wa huko, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta waliopewa kiasi hichohicho kwa miaka mingi walipata kisukari zaidi ya wenzao.

Ukiyaweka matokeo haya pamoja, picha inayojitokeza ni ya mlango wenye kizingiti. Aliye chini ya kizingiti hunufaika akiongezewa. Aliye juu yake, kama Wamarekani wengi walivyo kutokana na ngano yao, huongezewa bure au huumizwa.

Biashara ndiyo inayopanga

Kwamba biashara inaweza kubadilisha madini katika damu ya taifa zima si nadharia. Uingereza iliagiza ngano nyingi kutoka Amerika Kaskazini, ambako udongo wa tambarare una seleniamu ya kutosha. Nchi hiyo ilipohamia kwenye ngano ya Ulaya kuanzia miaka ya 1970, kiasi cha seleniamu ambacho mtu wa kawaida alikula kilishuka karibu nusu katika muda wa miaka 20. Hakuna aliyebadilisha mlo. Kilichobadilika ni mkataba wa kuagiza ngano.

Finland nayo ilikuwa na udongo maskini, na kuanzia miaka ya 1980 serikali iliamuru seleniamu itiwe kwenye mbolea za viwandani. Viwango vya damu vya wananchi vilipanda. Malawi imefanya majaribio ya namna hiyo kwenye mahindi, na unga wake uliongeza seleniamu katika damu ya wanawake na watoto walioula.

Rusizi inaingia hapa kwa njia ya samaki. Sambaza, ambao Wanyarwanda huwaita isambaza, si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni wa ukoo mmoja na sadini wa makopo. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa nguzo ndefu. Samaki kwa ujumla ni miongoni mwa vyakula vinavyobeba seleniamu nyingi. Gramu 85 za sadini wa kopo huhesabiwa kuwa na mikrogramu 45 hivi, karibu mahitaji ya siku nzima. Sambaza huliwa mzima, kichwa hadi mkia, kwa hiyo hakuna sehemu inayotupwa na madini yake.

Kukausha hakuiondoi. Maji ndiyo yanayokauka, madini yanabaki, ndiyo maana kilo ya wakavu ina seleniamu kuliko kilo ya wabichi. Hiyo ni habari njema kwa wasio na barafu, na vilevile kwa wanaoleta dagaa wakavu kutoka Tanzania.

Muhogo uko upande wa pili kabisa wa mizani. Gramu 100 za muhogo kwa kawaida hazifikishi hata mikrogramu moja. Familia ya Bukavu au ya Bugarama inayokula fufu na sombe bila samaki, yai wala nyama inaweza kushiba kila siku na bado ikabaki chini ya kizingiti. Kiganja cha sambaza juu ya sahani hiyo kinabadilisha hesabu.

Mayai yana kisa chake. Rwanda huuza mayai Kongo, na yai moja la kufugwa kibiashara linakadiriwa kuwa na mikrogramu 15 hivi. Sababu haihusiani sana na udongo wa Rwanda. Viwanda vya chakula cha kuku duniani hutia seleniamu kwenye mchanganyiko wa vitamini na madini, kwa kuwa kuku bila hiyo hudhoofika. Anayesafirisha trei za mayai kuvuka daraja anasafirisha, bila kujua, madini yaliyotiwa kiwandani. Yai la kuku wa kienyeji anayejitafutia hufuata udongo anaochakura.

Mlolongo huu hukatika kwa urahisi. Kila mwaka uvuvi wa sambaza upande wa Rwanda husimamishwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaliane, na bei hupanda. Hatua hiyo ina maana, kwani bila kuzaliana hakuna biashara ya kesho, lakini kwa mlaji maskini ni miezi miwili ya fufu tupu isipokuwa akiba ya wakavu imewekwa mapema.

Machi 2020, kutokana na korona, Rwanda ilifunga mipaka kwa watu na kuacha malori ya mizigo yaendelee. Juni mwaka huo baadhi ya maeneo ya wilaya ya Rusizi yaliwekewa amri ya watu kutotoka. Lori la saruji lilipita, mwanamke mwenye beseni hakupita. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa kundi la M23, shughuli za mji huo zilitikisika tena. Takwimu za biashara huhesabu hasara ya namna hiyo kwa dola. Hasara ya lishe haina safu yake katika hesabu hizo, ingawa wanaoibeba ndio walewale waliokuwa karibu na kizingiti tangu mwanzo.

Kabla ya kununua chupa

Kwa anayeuza au kununua vidonge hivyo, kipimo cha kutazama ni mikrogramu. Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 400 kwa siku kutoka vyanzo vyote, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kikomo chake hadi 255 mwaka 2023. Kidonge kimoja cha 200 kinakaribia mpaka huo kabla ya mtu kula chochote.

Mwaka 2008 huko Marekani, dawa ya maji ya kuongeza lishe ilichanganywa vibaya kiwandani ikawa na seleniamu mara 200 zaidi ya iliyoandikwa kwenye chupa. Watu 201 katika majimbo 10 waliathirika. Walipata kuharisha, kunyonyoka nywele, kubadilika kucha, uchovu na maumivu ya viungo, yaani baadhi ya yale yale ambayo mnunuzi wa vidonge hivi hutaka kuyaondoa. Chupa ile ilikuwa na lebo kamili na ilitoka katika nchi yenye maabara za kutosha. Chupa zinazovushwa mipakani bila risiti wala namba ya toleo hazina hata lebo ya kuaminika ya kulinganisha.

Mwenye rovu, mama mjamzito, anayetumia dawa za tezi au za virusi vya UKIMWI anapaswa kumwona daktari kabla ya kumeza seleniamu ya aina yoyote. Sambaza wa kukaanga hawahitaji cheti cha daktari.